Uliza Ujibiwe: Nani Anasoma Faili la Mwanangu Huko Marekani, na Anatafuta Nini?

Mwezi huu safu yote tumewaachia wazazi, walimu na wanafunzi waliouliza kuhusu vyuo vya Marekani vinavyochuja sana, vile ambavyo kati ya waombaji ishirini huenda akachukuliwa mmoja. Barua tumezifupisha. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo watoto wazuri huangukia mara nyingi.

Mwanangu amepata A ya KCSE, pointi 82. Majirani wananiambia Harvard na Yale watamgombania. Ni kweli? Wanaangalia nini hasa?
*Mama wa kijana, Mombasa*

Hongera, mama, wewe na kijana wako. Pointi 82 kati ya 84 zitasomwa kwa heshima popote. Lakini kugombaniwa, hapana, na ni vizuri ujue mapema ili asivunjike moyo.

Mengi tunayoyajua kuhusu ofisi hizi yalitoka mahakamani. Mwaka 2014 kundi liitwalo Students for Fair Admissions liliishtaki Harvard, kesi ikasikilizwa Boston mwaka 2018, na karatasi za ndani za udahili zikawekwa hadharani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo. Karatasi hizo zilionyesha kwamba katika msimu mmoja Harvard ilipata waombaji wa ndani ya Marekani wapatao 26,000. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani wa juu kabisa wa darasani. Nafasi za mwaka wa kwanza ni kama 1,600 tu, na waombaji wa nje ya Marekani bado hatujawahesabu. Kwa hiyo alama kubwa zinamtoa kijana kwenye rundo la wasioweza, lakini zinamwacha kwenye rundo la maelfu wanaoweza.

Faili husomwa kwanza na afisa wa kanda, ambaye mara nyingi ana nchi nyingi za Afrika mikononi mwake. Pale Harvard huandika alama kutoka 1 hadi 6, moja ikiwa ndiyo ya juu, kwa masomo, kwa shughuli za nje ya darasa, kwa michezo na kwa sifa za mtu binafsi. Barua za walimu nazo hupewa alama zake. Kisha huweka alama ya jumla, na hiyo si hesabu ya kujumlisha zile za mwanzo. Ni maoni yake baada ya kusoma kila kitu. Faili likionekana lina nguvu, yeye ndiye anayelitetea mbele ya kamati ndogo, halafu mbele ya kamati kubwa ya watu kama 40 wanaopiga kura. Vyuo vingine, kwa mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huwaweka maafisa wawili wasome faili moja kwa wakati mmoja: mmoja anashika masomo na barua za shule, mwingine anashika insha na shughuli, wanajadiliana papo hapo na kuamua ndani ya dakika chache.

Wote hao wanauliza maswali mawili. Kwa yale ambayo shule na nyumbani kwao viliweza kumpa, huyu ametumia kiasi gani? Na akifika hapa chuoni, atafanya nini na wenzake? Mwanao halinganishwi na mtoto wa Boston mwenye maabara tatu. Analinganishwa na alichokuwa nacho.

Jambo moja linauma lakini lazima lisemwe. Wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, waliomo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili na watoto wa wafanyakazi walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji wa Harvard, ila karibu asilimia 30 ya waliochukuliwa. Nafasi halisi za mtoto wa Mombasa ni chache kuliko zinavyoonekana. Aombe vyuo nane hadi kumi vya viwango tofauti (Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, unaruhusu hadi 20), na atazame pia mpango wa KenSAP, unaowaandaa Wakenya wenye KCSE ya juu kwa safari hii hii.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya serikali. Mwanafunzi wetu mmoja anaomba Marekani, na mfumo unanidai wasifu wa shule, ripoti ya mshauri na transkripti. Hatujawahi kufanya hivi. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Tabora*

Mwalimu, swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea. Watoto wa shule kama yako wanakosa nafasi bila kosa lao, kwa sababu tu upande wa shule ulikuja mtupu. Afisa hajawahi kufika Tabora. Atakachojua kuhusu shule yako ni kile utakachomwandikia kwenye kurasa mbili.

Huna haja ya kuwa na cheo cha mshauri wa wanafunzi. Mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anaweza kujaza sehemu hiyo, mradi asiwe ndugu wa mwanafunzi.

Kwenye wasifu wa shule weka haya: mkoa na wilaya, kama ni ya bweni au ya kutwa, idadi ya wanafunzi wa kidato cha sita na ya walimu wa sayansi, tahasusi mnazofundisha, na kwamba masomo hufundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Taja hali ilivyo bila kulalamika: maabara mnayo au mnafanya vitendo kwa zamu, kompyuta ni ngapi, umeme ni wa uhakika au la, wazazi wengi ni wakulima, wachimbaji au watumishi. Kisha weka matokeo ya NECTA ya miaka mitatu: waliopata Divisheni ya I wangapi, ya II wangapi, mpaka sifuri. Mtoto aliyepata Divisheni ya I kwenye shule ambayo wenzake wanne tu waliipata ana habari tofauti kabisa na yule wa shule ambako wote huipata. Afisa hawezi kuiona tofauti hiyo msipomwandikia.

Halafu eleza alama. Mmarekani amezoea A kuanzia karibu 90, na 62 kwake ni karibu na kufeli. Akiona 62 ya Fizikia na hakuna maelezo, atadhani mtoto ni dhaifu. Andika jedwali la kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Andika na la kidato cha sita: A ni 80 kwenda juu, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39. Ongeza sentensi moja ya kusema mwaka jana wangapi shuleni kwenu walipata A ya Fizikia. Usigeuze alama kuwa za Kimarekani. Vyuo vinataka za asili, na ubadilishaji wa mkono huzua mashaka.

Eleza na tahasusi. Mwanafunzi wa kule huchukua masomo matano au sita mpaka mwisho, hivyo anayeona Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu pamoja na General Studies peke yake anaweza kufikiri mtoto alikwepa kazi. Mwambie kwamba nchi nzima ndivyo inavyosoma. Fomu itakuuliza kama masomo ya mwanafunzi ni magumu kiasi gani ukilinganisha na yanayopatikana shuleni. Soma tena maneno hayo ya mwisho: yanayopatikana shuleni. Kama PCM ndiyo ngumu kuliko zote mlizo nazo, weka tiki kwenye kiwango cha juu kabisa bila aibu.

Transkripti inatakiwa kuonyesha miaka minne ya mwisho, yaani kidato cha tatu hadi cha sita. Hapa ndipo mambo hukwama, maana wengi walibadilisha shule baada ya kidato cha nne, na shule ya zamani inaweza kuchukua wiki nyingi kutafuta ripoti. Aanze kuzifuata Julai. Zipigwe skana, zisiwe picha za simu zilizopinda, na mhuri usifunike alama. Matokeo ya mtihani wa utamilifu na matarajio yenu ya matokeo ya mwisho mtayapeleka baadaye kwenye ripoti ya katikati ya mwaka. NECTA ikishatangaza, mtatuma ripoti ya mwisho, na chuo kinaweza kufuta nafasi ya mtoto aliyeporomoka vibaya.

Barua za walimu ni mbili kwa kawaida. Kuandika kwamba mwanafunzi ana nidhamu, bidii na ushirikiano hakumsaidii, kwa kuwa kila barua inasema hivyo. Mwalimu wa Kemia aandike kwamba amefundisha miaka mingapi na wanafunzi wangapi, huyu anakaa wapi kati yao, na jambo moja alilolifanya. Kwa mfano, vifaa vya titresheni vilipokuwa vinatosha makundi mawili tu kati ya manane, msichana huyu alitengeneza ratiba ya zamu, akabaki jioni kuwasaidia waliochelewa, na hesabu zake zilipotofautiana na za kitabu akarudia jaribio mpaka akagundua kuwa myeyusho ulikuwa umepimwa vibaya. Sentensi kama hiyo afisa ataisoma kwa sauti kwenye kamati.

Na jihadharini na barua moja inayobadilishwa majina kwa wanafunzi watatu. Afisa husoma waombaji wote wa shule moja kwa pamoja. Ataiona siku hiyo hiyo, na atapoteza imani na yote mnayoandika.

Sina michezo, sina klabu, sijawahi kwenda mashindano. Nikitoka shule nakaa dukani kwa mama na kulea wadogo zangu. Sehemu ya shughuli nitajaza nini?
*Mwanafunzi wa kike, kidato cha sita, Iringa*

Jaza duka na wadogo zako, binti, tena uviweke nafasi ya kwanza. Common App ina kundi la majukumu ya familia na kundi la kazi ya malipo, na afisa anayejua kazi yake huyahesabu sawasawa na uongozi wa klabu. Ukiacha wazi, anayesoma hataona saa 20 za kazi kila wiki. Ataona msichana asiyefanya lolote.

Nafasi ni kumi, na si lazima zote zijae. Kila moja ina herufi 50 za wadhifa, 100 za jina la mahali na 150 za maelezo, nafasi na alama zikiwemo. Kuna na mahali pa saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Ukiandika tu kwamba unamsaidia mama dukani, umetupa herufi zaidi ya mia. Tazama hii, ambayo ni herufi 148: «Nafungua duka saa 11 alfajiri, naandika mauzo na madeni ya wateja, naagiza unga na sukari kila Jumamosi, nawaandaa wadogo zangu wawili kwenda shule.» Utaiandika kwa Kiingereza, lakini kanuni ni hiyo hiyo: vitendo, muda, idadi. Acha maneno ya kujisifu.

Saa zijumlishe kabla ya kutuma. Wapo wanaojaza saa 25 hapa, 20 pale, 30 kule, mpaka wiki inakosa nafasi ya kulala. Msomaji hupiga hesabu hiyo kwa haraka.

Insha ya maneno 650 inaniumiza kichwa. Niandike shida nilizopitia ili wanionee huruma? Na je, nikitumia programu ya akili bandia kuniandikia?
*Kijana, Bukoba*

Huruma haina kura kwenye kamati. Shida unaweza kuzieleza, na kama baba alifariki ukiwa kidato cha tatu na alama zikashuka, ni lazima zielezwe, ila zina mahali pake: fomu ina sehemu ya hali na changamoto yenye maneno 250. Iandike wazi, kwa tarehe. Insha kuu ibaki kwa ajili ya namna unavyofikiri.

Msomaji anafika kwenye insha akiwa ameshaona alama, tahasusi na shughuli. Anachotafuta ni kitu ambacho hayo hayakumwambia. Mada haihitaji kuwa kubwa. Kijana anayeandika jinsi alivyogundua kwamba kahawa ya babu ilikuwa ikipunjwa kwenye mizani, akajifunza kupima unyevu wa buni na kwenda kuuliza ushirika maswali matatu, ameonyesha udadisi, hesabu na ujasiri bila kuyataja maneno hayo. Insha zetu zinaharibiwa na mambo mawili: methali na nukuu za watu maarufu kwenye aya ya kwanza, na Kiingereza kilichojaa maneno mazito ya kamusi. Andika Kiingereza unachozungumza na mwalimu wako. Kosa dogo la sarufi halimwangushi mtu, lakini sauti ya kuazima inasikika, hasa barua ya mwalimu na majibu yako mafupi yakiwa na sauti nyingine.

Kuhusu akili bandia, tangu 2023 Common App inahesabu kuwasilisha maandishi yaliyotungwa na programu hizo kuwa ni udanganyifu. Kuuliza sarufi ni jambo jingine. Insha ni lazima iwe yako.

Nafanya kazi Muscat, mshahara wangu ni wa kawaida. Kuomba msaada wa fedha kunampunguzia mwanangu nafasi ya kuchukuliwa?
*Baba wa wanafunzi wawili*

Kwenye vyuo vingi, ndiyo, na tunasikitika kwamba wazazi wengi hulijua hili wameshachelewa.

Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo hivi imepita dola 80,000. Vipo vichache ambavyo hufanya uamuzi bila kutazama kama mwanafunzi wa nje anahitaji msaada, kisha hufidia mahitaji yote yaliyothibitishwa, miongoni mwavyo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na miaka ya karibuni Dartmouth, Bowdoin na Brown. Kwingine, kama Swarthmore, Pomona na Grinnell, wakikuchukua watafidia mahitaji yako yote, ila mahitaji hayo huingia kwenye uamuzi. Bajeti ya wageni ina kikomo. Kamati inapofika mwisho wa orodha na fedha zinakaribia kwisha, anayehitaji dola 75,000 lazima awe na nguvu kuliko anayehitaji 20,000.

Msiseme uongo mahali hapa, kwa upande wowote. Wazazi wengine kwa kuona haya huandika kwamba familia itachanga dola 25,000, wakitumaini mambo yatajipa. Chuo kitazidai kila mwaka kwa miaka minne. Wengine huficha haja yao ili mtoto achukuliwe kwanza, na vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi wa nje kuanza kuomba msaada akishaingia. Jaza CSS Profile, yaani fomu ya mtandaoni ya kuombea msaada wa fedha, au fomu ya chuo chenyewe, kwa kiasi unachoweza kweli, na uambatanishe barua ya mwajiri yenye mshahara. Ndugu zetu wakulima na wafanyabiashara wasio na hati ya mshahara waandike maelezo ya mapato ya msimu kwa msimu na kuomba uthibitisho wa mtendaji wa kata, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kabla ya kuchagua vyuo, tafuta waraka uitwao Common Data Set wa kila kimoja. Vingi huuweka kwenye tovuti zao. Kipengele cha C7 kinaonyesha chuo chenyewe kinapa uzito gani alama, insha, barua, usaili na kadhalika. Kipengele cha H6 kinaonyesha wanafunzi wa nje wangapi walipewa msaada, na wastani wake. Chuo kilichowapa wageni kumi na wawili wastani wa dola 15,000 hakitamsomesha mwanao, hata kama picha zake zinapendeza. Saa moja ya kusoma H6 itakuokolea ada za maombi ambazo hufika dola 80 na zaidi kwa chuo kimoja. Na ada hizo ziombeeni msamaha. Vyuo vingi huutoa msamaha huo, mwanafunzi akieleza hali yake.

SAT ni lazima?
*Mwanafunzi, Pemba*

SAT ni mtihani sanifu ambao vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji. Kuwa lazima au la kunategemea chuo na mwaka. MIT iliirudisha mwaka 2022. Dartmouth, Brown na Harvard zilitangaza kuirudisha mwaka 2024. Yale mwaka huo huo ilitangaza kukubali pia mitihani ya AP au IB badala yake. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California haviitazami kabisa. SAT sasa ni ya kompyuta, saa 2 na dakika 14, na huwezi kuufanyia kwenye simu, kwa hiyo ulizia kompyuta na kituo miezi mitatu au zaidi kabla, maana vituo vya ukanda wetu ni vichache. Mazoezi rasmi ya bure yapo kwenye programu ya Bluebook na kwenye Khan Academy. Alama zako nazo zitasomwa kwa kutazama ulikotoka. Pale chuo kinapokuachia uchague, zitume kama zinakaribia au kupita kiwango cha kati cha waliochukuliwa, kilichomo kwenye waraka ule ule, kipengele cha C9.

Kuna wakala anadai ana watu wake ndani ya vyuo na kwamba nafasi ni ya uhakika nikimlipa nusu mwanzoni.
*Mzazi, Nairobi*

Usimlipe. Kura hupigwa na kamati, na hakuna afisa mmoja anayeweza kumhakikishia mtu nafasi. Waliojaribu kununua njia ya pembeni Marekani kwenyewe walikamatwa: mwezi Machi 2019 waendesha mashtaka walifichua mtandao wa Rick Singer, wazazi matajiri wakahukumiwa, naye mwenyewe akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu mwaka 2023. Ukitaka ushauri, ofisi za EducationUSA, mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani, zilizopo Nairobi na Dar es Salaam hutoa maelezo ya awali bure. Mshauri wa kulipwa anaweza kumfundisha mtoto kupanga kazi yake. Akikuomba nywila ya akaunti ya mtoto, au akijitolea kuandika barua za walimu, ondoka.

Nafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Niombe lini?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Kalenda yetu inakufaa kuliko unavyodhani. Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, ukiwa ndiyo kwanza umeanza kidato cha sita. Maombi ya mapema hufungwa karibu na 1 Novemba na ya kawaida siku za kwanza za Januari. Majibu ya kawaida hutoka mwishoni mwa Machi, nawe unatakiwa kujibu kufikia 1 Mei. Unafanya mtihani, matokeo yanatoka Julai, shule inatuma ripoti ya mwisho, masomo yanaanza mwisho wa Agosti. Mkenya wa KCSE hali yake ni tofauti, kwa sababu matokeo hutoka wakati vyuo vinafunga, hivyo wengi huomba msimu unaofuata. Mwaka huo wa kati hauhesabiwi kuwa dosari, mradi useme ulifanya nini.

Maombi ya mapema yaitwayo Early Decision yana kifungo: ukichukuliwa, unafuta vyuo vingine vyote. Unaweza kuachiliwa kama msaada wa fedha hautoshi, lakini utakuwa umepoteza nafasi ya kulinganisha. Yatumie kwa chuo kimoja tu ambacho umeshaangalia H6 yake na familia imekaa chini ikakubaliana. Njia ya mapema ya Harvard, Yale na Princeton haina kifungo cha kukulazimisha kwenda, ila inakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine vingi vya binafsi.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, kubali kubaki, tuma barua fupi moja yenye jambo jipya, kama matokeo ya utamilifu, halafu thibitisha nafasi ya chuo kingine kabla ya 1 Mei. Kwenye orodha hizo mgeni anayehitaji fedha huchukuliwa kwa nadra sana, kwa kuwa bajeti ya msaada huwa imeshagawiwa mwezi Machi.